Chai ya Mkimbiaji: Kikombe Gani, Saa Ngapi

Iten huamka gizani. Mji huu mdogo wa kaunti ya Elgeyo-Marakwet, uliokaa ukingoni mwa Bonde la Kerio, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hujaa vishindo vya miguu kabla jua halijachomoza. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi makundi ya wakimbiaji yameshaingia kwenye barabara za udongo mwekundu, na wengi wao hawajatia kitu tumboni. Wakirudi, jasho bado halijakauka, wanakwenda moja kwa moja kwenye chai. Imechemshwa kwa maji na maziwa katika sufuria moja, imetiwa sukari bila uchoyo, na kando yake kuna mkate, chapati au viazi vitamu vya kuchemsha.

Watafiti wameipima chai hiyo. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Mike Boit aliyeiletea Kenya medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, walichapisha matokeo ya siku 7 za kufuatilia kila walichokula na kunywa wakimbiaji 10 wa Kenya wa daraja la juu. Kwa wastani kila mmoja alikunywa mililita 1,243 za chai ya maziwa kwa siku. Maji yalikuwa mililita 1,113. Chai iliyashinda maji! Asilimia 76.5 ya nguvu yote waliyoipata kwenye chakula ilitokana na wanga, na sukari ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya wanga huo, pamoja na ugali.

Mtu akizisoma takwimu hizi haraka atadhani siri imo kwenye majani. Haimo. Majani ya chai peke yake hayamwongezei mtu kasi, wala hayajengi msuli. Kinachomfaa mkimbiaji ni maziwa na sukari vilivyomo ndani ya kikombe, kitafunio kilicho kando yake, na zaidi ya yote saa ya kunywa. Chai ile ile inayomjenga mtu saa mbili asubuhi inaweza kumnyima madini ya chuma saa saba mchana na kumkosesha usingizi saa tatu usiku. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mchana na usiku wa mtu anayefanya mazoezi, na kuuliza kila mara: kikombe gani, saa ngapi?

Tuanze na kikombe chenye kazi kubwa kuliko vyote, kile cha baada ya mazoezi. Mbio za saa moja na zaidi hula akiba ya wanga ambayo mwili huiweka ndani ya misuli na ini, akiba ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Mwili huijaza upya kwa haraka zaidi katika saa chache za mwanzo baada ya mazoezi, na kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mwenye haraka ni gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72 katika saa ya kwanza, pamoja na gramu 18 hadi 20 hivi za protini za kukarabati misuli.

Sasa pima kikombe chako. Kikombe kikubwa cha mililita 300, nusu maziwa nusu maji, kina gramu 7 hivi za sukari ya asili ya maziwa na gramu 5 za protini. Vijiko 3 vya sukari huongeza gramu 12. Vikombe viwili vya namna hiyo vinakupa karibu gramu 40 za wanga na 10 za protini, na bado hujagusa chakula. Ongeza slesi mbili za mkate, au kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, na mayai mawili ya kuchemsha: wanga umetimia na protini imetimia, kwa vitu vinavyopatikana katika duka lolote la mtaani. Kinywaji cha kopo kinachouzwa kwa bei ya chakula cha siku mbili hakina cha kuongeza hapo.

Lakini chai kavu haitoshi. Hili linasahauliwa sana na vijana wanaojiunga na makundi ya mbio bila fedha za kutosha: wanakunywa vikombe vitatu vya chai tamu, tumbo linajaa, njaa inapungua, na wanalala hadi mchana. Utafiti ule wa Onywera ulikuta kwamba hata wakimbiaji wakubwa walikula nguvu pungufu ya walizotumia, kilokalori 2,987 dhidi ya 3,605 kwa siku, na uzito wao ulishuka ndani ya wiki ile moja. Kwa bingwa aliye wiki chache kabla ya shindano, upungufu huo unavumilika. Kwa msichana wa miaka 17 anayekua na kufanya mazoezi mara mbili kwa siku, kuendelea hivyo mwezi baada ya mwezi ni kuvuruga hedhi na kudhoofisha mifupa. Kocha anayeona wanariadha wake wakiishi kwa chai aanze na chakula kabla ya kuongeza kilomita.

Haraka hii ya saa ya kwanza ina maana kwa anayerudi mazoezini siku hiyo hiyo, kama wanavyofanya wakimbiaji wa Iten, ambao wengi wao hutoka tena saa nne asubuhi au jioni. Anayekimbia jioni baada ya kazi na hatakimbia tena hadi kesho kutwa hana haja ya kuhesabu dakika. Chakula chake cha kawaida kitaijaza akiba hiyo kabla ya zamu yake kufika.

Je, chai haikaushi mwili? Imani hii imeenea kwenye viwanja na vyumba vya mazoezi, na haina msingi. Mwaka 2011 Carrie Ruxton na Valerie Hart walichapisha jaribio ambamo wanaume 21 wenye afya walikunywa vikombe 4 au 6 vya chai ya majani meusi ndani ya saa 12, na siku nyingine maji ya moto kwa kiasi hicho hicho. Vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha tofauti ya maana. Miaka 5 baadaye kikundi cha Ron Maughan kililinganisha vinywaji 13 kwa kupima ni kiasi gani cha kila kimoja kinabaki mwilini saa kadhaa baada ya kunywewa: chai ilikaa sawa na maji, na maziwa yakakaa zaidi ya maji, kwa sababu protini, mafuta na chumvi zake hupunguza mwendo wa kutoka tumboni na kwenye figo. Chai ya maziwa, basi, inahesabika kama kinywaji halali cha kurudisha maji. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa Kenya mwaka 2008 waliwakuta wana maji ya kutosha siku hadi siku kwa kunywa tu walivyotaka.

Hilo lisimfanye mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aache maji. Iten asubuhi ni baridi. Pwani asubuhi tayari ni joto la kunata. Jipime uzito kabla na baada ya mbio, ukiwa umevaa nguo nyepesi na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji iliyotoka, na ili kuirudisha vizuri unahitaji lita moja na robo hadi moja na nusu, iliyogawanywa kwa saa kadhaa. Maji kwanza, kisha chai, na chumvi ipatikane kwenye mayai, supu au kachumbari.

Kuna swali jingine la Pwani: kinywaji cha moto kinapoza mwili kweli, kama wazee wanavyosema? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa walilijaribu mwaka 2012 kwa waendesha baiskeli waliopewa maji ya joto tofauti, hadi nyuzi 50. Kinywaji cha moto kiliamsha jasho jingi zaidi, na mwili ukabaki na joto dogo zaidi kuliko kwa maji baridi. Ila hilo hutegemea jasho likauke juu ya ngozi. Penye hewa kavu na upepo, kama Arusha au Eldoret, wazee wana haki. Kwenye unyevunyevu wa Tanga mwezi Februari jasho linadondoka tu bila kukauka, na kikombe cha moto hapo kinaongeza joto juu ya joto. Subiri kivuli.

Mtu mwingine atauliza kuhusu tumbo. Wakalenjin, ambao ndio wengi wa wakimbiaji wa Iten, wana jadi ya ufugaji, na miili ya wengi wao huendelea kumeng'enya sukari ya maziwa hata ukubwani. Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007, kwa damu ya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo yao wenyewe, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Wengine wengi katika nchi hizi hawana. Ikiwa chai ya maziwa inakujaza gesi au inakupeleka msalani katikati ya mazoezi, usijilazimishe eti kwa sababu mabingwa wanainywa. Kunywa chai ya rangi yenye sukari, na protini uitafute kwenye mayai, karanga, maharage au samaki. Mtindi na maziwa mala huwasumbua watu wachache zaidi, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Kikombe cha kabla ya mazoezi ni habari tofauti, na hapo kazi inafanywa na kafeini. Kafeini ni kichangamshi cha kweli. Hupunguza hisia ya uchovu, na kwa wengi huongeza uwezo wa kustahimili mwendo. Ilikuwa kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni hadi ilipoondolewa tarehe 1 Januari 2004. Tangu hapo mwanariadha anaruhusiwa kunywa chai na kahawa atakavyo, ingawa wasimamizi wanaendelea kufuatilia matumizi yake. Kiwango kilichothibitishwa kusaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, saa moja hivi kabla ya kuanza, na huenda hata 2 zikatosha kwa baadhi ya watu.

Hesabu inaonyesha mipaka ya chai hapo. Kikombe cha chai ya rangi cha mililita 240 kina miligramu 40 hadi 50 za kafeini. Mwenye kilo 60 anayetafuta miligramu 180 atahitaji vikombe vinne, yaani karibu lita nzima ya maji ya moto tumboni dakika 60 kabla ya kukimbia. Hakuna anayekimbia vizuri hivyo. Kikombe kimoja au viwili vitakuamsha na kukuchangamsha, na kwa mazoezi ya asubuhi hilo linatosha kabisa. Ila usiitarajie chai ikupunguzie dakika kwenye nusu marathoni. Siku ya shindano inywe saa moja na nusu kabla ya kuanza, chai ya rangi, isiyo na maziwa, ili upate muda wa kwenda msalani kabla foleni haijawa ndefu. Na iwe ni chai uliyoizoea. Mtu aliyesafiri kutoka Mwanza kwenda kukimbia Moshi asijaribu majani mapya ya hotelini alfajiri ya mbio zake.

Watoto wa shule wanaokimbia ni kundi la kuangaliwa zaidi. Kwao kiwango kinachohesabiwa kuwa salama ni miligramu 3 za kafeini kwa kilo kwa siku nzima, kwa hiyo mwenye kilo 40 anafika ukomo kwa vikombe viwili na nusu vya chai nzito.

Tukitoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo lingestahili kubandikwa kwenye kila ukuta wa kambi ya mazoezi: chai na madini ya chuma. Majani ya chai yana tanini na jamaa zake, vitu vile vile vinavyoipa chai ukakasi mdomoni. Vikikutana tumboni na chuma cha mimea, yaani kile cha maharage, dengu, mchicha, sukuma wiki, wimbi na unga ulioongezewa madini, hushikamana nacho na kukizuia kuingia kwenye damu. Kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo wa namna hiyo kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata. Kuongeza maziwa hakuondoi tatizo. Chuma cha nyama, maini na samaki hakiathiriki sana hivyo, lakini ni meza ngapi zina nyama kila siku?

Mkimbiaji hawezi kuupuuza upotevu huo. Kila hatua inayogonga barabara huvunja chembe kidogo za damu nyayoni. Jasho hubeba chuma kidogo. Mwanamke hupoteza zaidi kila mwezi. Juu ya hayo, anayefanya mazoezi mahali palipoinuka kama Iten, Kaptagat, Kapchorwa au nyanda za Mbulu anaudai mwili wake utengeneze chembe nyekundu zaidi za kubeba oksijeni, na chembe hizo hazitengenezwi bila chuma. Msichana anayekula ugali na mboga za majani mara mbili kwa siku, kila mara akisukumia kwa chai, anaweza kufanya kila kitu sawasawa uwanjani na bado akawa anazidi kuchoka. Anaambiwa ni mvivu. Anapewa kilomita zaidi. Kumbe damu yake imepungua.

Dawa yake ni mpangilio tu, na haigharimu kitu. Tenga mlo wa chai na mlo wa chuma. Chai ya asubuhi baada ya mbio iende na mkate, viazi na mayai; mlo huo kazi yake ni wanga na protini, wala usiutegemee kwa chuma. Maharage na mboga viliwe mchana na usiku kwa maji, na pembeni pawe na kitu chenye vitamini C: chungwa, ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi, pilipili hoho, embe au pera. Vitamini C husaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Chai isubiri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017, lililofanywa kwa wanawake 12, lilionyesha kwamba kuchelewesha chai kwa saa moja tu baada ya mlo kulipunguza madhara yake. Saa moja na nusu au mbili ni bora zaidi.

Anayetumia vidonge vya chuma avimeze kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Na asianze vidonge hivyo kwa kuhisi tu. Kipimo cha damu kinachoitwa feritini huonyesha akiba ya chuma mapema, hata kabla wingi wa damu haujashuka, na kwa mwanamke anayefanya mazoezi makali ni busara kukifanya mara moja au mbili kwa mwaka. Chuma kikizidi mwilini huharibu ini, kwa hiyo kipimo kitangulie kidonge.

Viungo vya chai navyo vina kisa chao, na tangawizi ndiyo yenye ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, kisha wakawafanyisha mazoezi ya mkono ya kuumiza msuli. Maumivu ya kesho yake yalipungua kwa robo hivi kulinganisha na waliopewa vidonge vitupu, na tangawizi iliyopitishwa motoni ilifanya kazi karibu sawa na ile ambayo haikupashwa moto. Hiyo ni habari njema kwa anayeichemsha kwenye sufuria. Gramu 2 ni sawa na kijiko kimoja cha chai cha unga wa tangawizi. Ila ni lazima iwe mazoea: dozi moja iliyonywewa siku ya maumivu haikuonyesha faida siku hiyo. Mdalasini na iliki vitiwe kwa ajili ya ladha na harufu, na hiyo ni sababu tosha.

Kuhusu chai ya kijani, na ile ya zambarau iliyotolewa Kericho mwaka 2011 kwa jina la TRFK 306, zinaweza kunywewa kwa furaha na anayezipenda. Zina viambato vizuri. Hakuna sababu ya mkimbiaji mwenye bajeti ndogo kuzilipia zaidi kwa kutarajia misuli ipone upesi; fedha hiyo inunue mayai. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa ni vya kuepukwa: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 na zaidi kwa siku za kiambato chake kikuu zinahusishwa na dalili za madhara kwenye ini. Kwa kunywa vikombe ni vigumu kufika huko. Kwa vidonge ni rahisi mno.

Onyo jingine linaihusu Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi duniani. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, katikati ya eneo la chai, imekuwa ikiwapokea wagonjwa wengi wa saratani hii, baadhi yao wakiwa na umri mdogo wa kusikitisha. Huko Kilimanjaro watafiti waliopima joto la chai kwenye funda la kwanza walikuta wastani unaozidi nyuzi 70, na chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ikiwa moto zaidi. Mkimbiaji anayerudi na baridi ya asubuhi mwilini hutamani kikombe kinachofuka. Asubiri. Amimine kwenye kisahani, au apooze kwa kuhamisha kutoka kikombe hiki kwenda kingine mara chache, au aanze kwa kula yai. Chai inayochoma ulimi bado haijawa tayari kunywewa.

Mchana ukipita, zamu ni ya usingizi, na hakuna kikombe chenye uwezo wa kumponya mwanariadha kuliko saa nane za kulala. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Mwaka 2013 Christopher Drake na wenzake waliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko kikombe kimoja, lakini jumlisha chai ya saa kumi, ile ya kumkaribisha mgeni na ile inayofuata chakula cha jioni. Anayelala saa tatu usiku, kama wanavyofanya wengi kambini, aifanye saa tisa alasiri kuwa mwisho wa chai yenye majani. Baada ya hapo kuna mchaichai, kuna tangawizi tupu, kuna maua ya rozela, na kuna maziwa ya moto. Hakuna mgeni atakayekasirika akikaribishwa kwa mchaichai wenye asali.

Neno kuhusu sukari. Vijiko 3 katika kila kikombe vinamfaa anayekimbia kilomita 150 kwa wiki, kwa sababu mwili wake huvichoma kabla ya mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na ikiwezekana asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Mwenye kilo 70 anayekimbia kilomita 5 hutumia kilokalori 350 hivi. Vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu vinarudisha 200 kati ya hizo, na mandazi mawili yanamalizia hesabu na kupita. Kama unakimbia mara tatu kwa wiki ili upunguze tumbo, weka sukari kwenye kikombe cha baada ya mbio peke yake, na siku za kupumzika uinywe chai yako na kijiko kimoja au bila.

Anayeshindana rasmi aogope pia chai asizozijua. Baadhi ya chai za kupunguza uzito zinazouzwa bila maelezo kamili zimekutwa na sibutramini, kichangamshi kilichopigwa marufuku wakati wa mashindano, na nyingine hutiwa majani ya kuharisha yanayomkausha mtu siku moja kabla ya mbio. Miraa nayo, ambayo wengi huitafuna wakishushia kwa chai tamu, ina kathini na kathinoni. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya marufuku wakati wa mashindano ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Kikombe cha chai ya kawaida hakiwezi kumfanya mtu afungiwe. Kifuko kisicho na maelezo ya viambato kinaweza.

Na kwa Waislamu wanaoendelea na mazoezi mwezi wa Ramadhani, saa zote hizi hugeuka. Futari ianze kwa tende na maji, kisha chai ya maziwa yenye sukari ifanye kazi ile ile ya baada ya mbio, kabla ya tarawehe, na isirudiwe baadaye ili usingizi mfupi uliobaki usiharibike. Kwenye daku maji na uji vinafaa kuliko chai nzito. Wengi huumwa kichwa siku tatu nne za mwanzo na kusingizia njaa, wakati mara nyingi ni mwili unaidai kafeini yake ya asubuhi. Mwenye kunywa vikombe vinne kwa siku aanze kupunguza katikati ya Shaabani, kikombe kimoja kila siku tatu hivi, akianza na vile vya asubuhi.